Barabara Iliyofungwa kwa Tuta: Uchambuzi wa Kisa cha Kitalu Kimoja cha Magogo katika Bonde la Kongo

Kabla ya kuanza

Jina la nchi, la kampuni, la mto na la kila aliyehusika nimeliondoa. Ukubwa wa kitalu, yaani eneo la msitu ambalo kampuni hupewa kuvuna magogo, na miaka yenyewe pia sikuitaja, maana wanaofanya kazi hizi katika ukanda huo ni wachache na wanajuana. Mfuatano wa mambo umebaki kama ulivyokuwa. Nilikuwa mshauri wa wanyamapori katika mradi huu, kwa hiyo msomaji ajue mapema kwamba kati ya maamuzi mabaya yanayochambuliwa hapa, mmoja una saini yangu.

Usuli

Bonde la Kongo lina msitu wa mvua wa pili kwa ukubwa duniani, nyuma ya Amazon. Mtu akisikia "kampuni ya magogo" hudhani kilima kizima kimebaki visiki. Huko mambo hayaendi hivyo. Huvunwa mti mmoja au miwili kwa hekta, hasa sapele na jamaa zake, kisha eneo huachwa lipumzike kwa miaka 25 hadi 30. Ukiingia bila mwenyeji mahali palipovunwa mwaka jana, unaweza kutembea nusu saa usione kisiki hata kimoja. Kinachoonekana mara moja ni barabara.

Kitalu chetu kilipakana na hifadhi ya taifa. Mpaka ulikuwa mto ambao tembo huuvuka bila kulowa mgongo. Upande wetu wa mto kulikuwa na bai, neno la wakazi wa misitu hiyo kwa uwanda mdogo wa nyasi na maji katikati ya msitu mzito. Tembo huingia katikati ya kijito, akazamisha mkonga mpaka chini kabisa na kupuliza mchanga utawanyike, kisha akavuta maji ya chinichini yenye madini. Gorila huketi majini hadi kiunoni, aking'oa majani ya majimaji na kuosha mizizi kabla ya kula. Nzohe huja, bongo huja, wote jamii ya swala, na kasuku wa kijivu hutua kwa makundi na kuondoka kwa kelele. Njia za tembo hukutana hapo kutoka kila upande. Ni ngumu kama sakafu, watu wawili hupita bila kugusana mabega, na kandokando yake imeota miti ya matunda iliyopandwa na mavi ya waliotangulia.

Tembo hawa si wale wa nyika. Ni spishi ya peke yake, wadogo zaidi, wenye pembe zilizonyooka kuelekea chini. Mwaka 2021 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, iliwaorodhesha kwa mara ya kwanza kama spishi inayojitegemea, katika kundi la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa kuwa idadi yao ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 86 katika miaka 31.

Watu walikuwa wa aina tatu: kampuni na wahandisi wake, jamii ya wawindaji na wakusanyaji ambao msitu huo ni kwao tangu mababu, na wafanyakazi wa kambi, waliotoka mbali na kuja na familia zao. Mgeni wa nne alikuja baadaye, nitamtaja.

Uamuzi wa kwanza: njia ipite wapi

Mhandisi wa barabara alikuwa amechora mstari wake juu ya mgongo wa ardhi. Kitaalamu alikuwa sahihi. Mgongo ni mkavu, hauhitaji madaraja mengi, na lori lenye magogo halikwami matopeni. Tatizo ni kwamba tembo walishagundua jambo hilohilo zamani. Njia yao kuu kwenda kwenye bai ilipita juu ya mgongo huo.

Tulimpeleka mfuatiliaji nyayo mmoja wa makamo, ambaye wote kambini walimwita Mzee, atembee mstari uliochorwa. Alitembea siku mbili. Aliporudi alisema sentensi moja tu: barabara hiyo mmeikuta, haihitaji kujengwa, wenyewe wanaipita kila usiku.

Mbadala ulikuwepo. Njia ingezunguka upande wa pili wa bwawa, ikawa ndefu zaidi na ikahitaji madaraja mawili ya ziada. Mimi nilikuja kikaoni na hoja kutoka kwa utafiti wa Stephen Blake na wenzake uliochapishwa mwaka 2008. Waliwavisha tembo 28 wa Bonde la Kongo kola za kufuatiliwa kwa setelaiti, na kati yao wote ni mmoja tu aliyevuka barabara nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, tena alivuka kwa kasi mara 14 ya mwendo wake wa kawaida. Kwa maneno mengine, barabara kwa tembo wa msitu ni ukuta, na anayejaribu kuupita hupita akikimbia.

Meneja alisikiliza vizuri, halafu akauliza njia ndefu itaongeza muda gani na gharama gani. Lilikuwa swali la haki. Majibu yalipotoka, njia ya mgongo ikapita, pamoja na masharti matatu: barabara ifungwe baada ya mavuno, gari la kampuni lisibebe nyamapori, na kambi iwe na duka lenye chumba cha baridi ili watu wapate kitoweo.

Nilikubali. Niliona nimepata masharti matatu pale ambapo wengine hawapati hata moja. Sikugundua kwamba masharti yote matatu yalikosa tarehe, fungu la fedha na jina la mtu wa kuulizwa.

Mwaka wa kambi

Kambi ilifunguliwa. Tingatinga zilitangulia, misumeno ikafuata, na malori ya magogo yakaanza kushuka. Chumba cha baridi hakikufika. Kwanza kilisubiri jenereta, jenereta ikasubiri lori, lori likawa na kazi ya dharura zaidi. Miezi ikapita.

Hapa ndipo kisa kizima kilipoamuliwa, ingawa hakuna kikao kilichoitishwa kukiamua. Mfanyakazi mwenye mshahara na watoto watano anahitaji kitoweo kila jioni. Dukani kulikuwa na samaki wa kopo, kwa bei iliyobeba safari yote ya kutoka bandarini. Mlangoni kulikuwa na kijana mwenye funo, swala mdogo wa msituni, begani. Sijui nani angechagua tofauti, na mimi mwenyewe nilikula mchuzi wa kambi zaidi ya mara moja bila kuuliza ndani yake kuna nini.

Mgeni wa nne sasa: mchuuzi. Alikuja na barabara. Alileta risasi za bunduki za kuwindia, betri za tochi na waya. Mwindaji asiye na bunduki aliazimwa, akalipa kwa mapaja ya mnyama. Asiye na risasi alitega. Mtego wenyewe ni kitu cha kudharaulika ukiuona: waya wa breki za baiskeli uliofungwa kitanzi, kijiti kichanga kilichopindwa kwa nguvu, na majani makavu juu yake. Mtu mmoja hutega kadhaa kwa asubuhi moja, kisha huenda zake. Mtego haubagui. Unamnasa funo, unamnasa nungu, unamshika gorila mchanga mkononi, na mnyama asipokuja kuchukuliwa kwa wakati huoza palepale. Mtegaji wa zamani wa kamba za mimea alikuwa na dawa ya jambo hili bila kujua, maana kamba ilioza yenyewe. Waya haujui msimu.

Nyama ilisafiri. Jioni moja nilisimama kwenye kivuko, lori likazima injini kusubiri pantoni, na harufu ya moshi ikaja kabla ya dereva hajashuka. Ilikuwa katikati ya magogo mawili, imefungwa majani mapana kwa ustadi, vifurushi vya nyama iliyokaushwa vikiwa vimepangana kama matofali. Dereva hakukana wala hakuona haya. Alisema kila lori linashuka hivyo, na alikuwa anasema kweli.

Askari wa wanyamapori walipita wakiokota mitego. Kila mwezi waliokota mingi kuliko mwezi uliotangulia, na ripoti ziliandika ongezeko hilo chini ya kichwa cha mafanikio. Nilizisoma, nikazipitisha. Kusini-mashariki mwa Asia wameshapita njia hii: makadirio yaliyotolewa na shirika la uhifadhi la WWF mwaka 2020 yalisema kulikuwa na mitego ya waya milioni 12.3 ndani ya maeneo yaliyohifadhiwa ya Kambodia, Laos na Vietnam. Hakuna doria inayoweza kuinama mara milioni 12.

Tuta

Mavuno ya sehemu hiyo yalipokwisha, sharti la kufunga barabara lilitekelezwa. Greda lilisukuma udongo mpaka ukawa tuta refu kumpita mtu, likapigwa picha, picha ikaingia kwenye faili. Nilikuwa safarini.

Niliporudi nililikuta tuta limesimama vilevile kama lilivyo kwenye picha. Ubavuni mwake, kati ya udongo na mti wa kwanza, palikuwa na kijinjia cha upana wa kiganja na kidole, kimelainishwa na matairi mpaka kinang'aa. Pikipiki. Tuta lilizuia malori tu, na malori yalikuwa hayana tena sababu ya kwenda huko.

Kamera tulizokuwa tumefunga kwenye bai zilianza kubadilisha hadithi. Mwanzoni tembo walionekana mchana na usiku. Kisha wakawa wa usiku tu. Hili limeshaonwa kwingine: huko Gabon, watafiti waliotega vinasa sauti msituni wakati wa utafutaji wa mafuta waligundua kwamba tembo hawakuhama, ila shughuli zao walizihamishia gizani. Mtu anayehesabu mavi tu asingeona tofauti. Baadaye hata picha za usiku zikapungua.

Mizoga miwili ilipatikana kwenye njia ya mgongo. Nyuso zilikuwa zimekatwa kwa shoka ili pembe zitoke nzima. Karibu yake kulikuwa na chanja ya kukaushia nyama, jivu lake likiwa bado halijanyeshewa. Aliyekuja kwa ajili ya funo na aliyekuja kwa ajili ya pembe walikuwa wametumia kijinjia kimoja.

Mwaka huohuo ripoti ya setelaiti ya kitalu ilitoka. Kwa mujibu wake, eneo lilikuwa limepoteza miti kidogo mno na utando wa majani ulikuwa unajifunga vizuri. Ilikuwa ripoti ya kweli.

Uamuzi wa pili

Ningependa kuandika kwamba mizoga ndiyo iliyobadilisha msimamo wa kampuni. Kilichoubadilisha ni mnunuzi wa mbao wa ng'ambo aliyetaka cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba mbao zimetoka kwenye msitu unaosimamiwa vizuri, na wakaguzi wa cheti hicho huuliza maswali kuhusu wanyama. Ghafla suala letu likawa na mtu wa kulijibu.

Safari hii tulianza na chakula. Chumba cha baridi kilikuja, pamoja na samaki na kuku kwa bei ambayo kampuni iliifidia. Marufuku ya kuuza nyamapori kambini ilitangazwa baada ya duka kuwa na bidhaa kwa wiki kadhaa, wala si kabla. Mpangilio huo ulikuwa wazo la mke wa fundi mmoja wa misumeno, aliyesimama kikaoni na kutuambia kwamba mkitukataza leo na kutulisha mwezi ujao, katikati tutakula nini.

Kisha tukaenda kwenye daraja. Nyuma ya tuta, barabara ilivuka kijito kirefu juu ya daraja la magogo. Eskaveta iling'oa magogo yote na kuyaondoa, ikachimba na kingo. Pikipiki inaweza kuzunguka tuta, lakini haiwezi kuzunguka kijito chenye kingo za kuporomoka na bwawa pande zote mbili.

Kwenye kivuko kiliwekwa kituo cha ukaguzi. Kila gari lilifunguliwa, kuanzia la meneja. Hilo la meneja lilikuwa na maana kubwa kuliko mengine yote, maana madereva walisimama pembeni siku ya kwanza wakitazama kama kweli atashuka. Alishuka.

Mwisho, vijana wa jamii ya wenyeji waliajiriwa kutembea njia za tembo chini ya uongozi wa Mzee. Hawakuwa askari na hawakubeba silaha. Kazi yao ilikuwa kusoma nyayo na kuleta habari. Wao na wazee wao walitengewa eneo la kuwinda kwa chakula chao kwa zana zao, na tuliweka mipaka yake kwa kutembea pamoja nao.

Hatua ya daraja ilipingwa, tena na watu wenye haki. Akina mama wa kijiji kilicho mbele ya kijito walikuwa wameanza kuitumia barabara kuwapeleka wagonjwa kliniki kwa pikipiki. Tulipong'oa daraja tuliwarudisha kwenye mtumbwi. Kampuni iliahidi kuja na gari la wagonjwa upande wa pili wa maji kila likiitwa, na mara nyingi lilikuja. Sitasema lilitosha.

Matokeo

Miaka mitatu baadaye, kamera za kando ya ile barabara zilionyesha funo wadogo wa kutosha, na makundi ya nguruwe-mwitu wekundu yamerudi kufukua mizizi. Barabara yenyewe ilikuwa imefunikwa na mimwavuli, ule mti wa majani mapana unaowahi popote penye jua, na chini yake tangawizi mwitu ambayo gorila huipenda. Vinyesi vyao vilikuwa katikati kabisa ya pale lori lilipokuwa likipita.

Tembo wanakuja kwenye bai, wachache, usiku, na wengi wao ni wadogo wa umri. Mzee aliwajua majike wazima kwa masikio na kwa mikato ya mkia, na wapo aliokuwa akiwaulizia kila kamera ikishushwa. Hawakuonekana.

Uchambuzi

Tofauti kati ya funo na tembo katika matokeo hayo inaelezwa na uzazi. Funo huzaa mapema na karibu kila mwaka. Mpe nafasi, ataijaza. Andrea Turkalo, aliyewafuatilia tembo wa bai ya Dzanga katika Jamhuri ya Afrika ya Kati kwa zaidi ya miaka 20, alionyesha pamoja na wenzake kwamba jike wa msituni huanza kuzaa akiwa na wastani wa miaka 23, na baada ya hapo huzaa mara moja kwa miaka mitano au sita. Kwa hesabu yao, hasara ya ujangili wa muongo mmoja ingehitaji takribani miaka 90 kufidiwa. Miezi ambayo chumba chetu cha baridi kilikuwa kinasubiri lori tunailipa kwa kipimo hicho.

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni mambo mawili yasiyofanana na uhifadhi hata kidogo: kuku wa baridi na eskaveta. Doria ilisaidia baada ya hayo mawili kuwepo. Kabla yake ilikuwa kuchota maji kwa pakacha.

Tulipokosea kabisa ni kwenye kipimo. Tulipima miti, na miti ilikuwa mizima. Mwanabiolojia Kent Redford aliipa hali hii jina mwaka 1992: msitu mtupu, msitu uliosimama ukiwa umekwisha wanyama wake wakubwa. Wapo wanaoona huo ni utupu wa kuhurumia tu, kwamba miti ikibaki kaboni ipo na mvua ipo. Hesabu haiwaungi mkono. Tembo wa msitu hula na kukanyaga miche mingi ya miti myepesi, na kwa kufanya hivyo huipa nafasi miti mizito inayokua taratibu. Hubeba pia mbegu ambazo ni kubwa mno kwa koo la mnyama mwingine. Utafiti wa mwaka 2019 ulioongozwa na Fabio Berzaghi ulikadiria kwamba wakitoweka, kaboni iliyo juu ya ardhi katika misitu hiyo itapungua kwa asilimia 7. Setelaiti itaiona hasara hiyo, ila wajukuu wa Mzee watakuwa wazee.

Kuhusu barabara, hatuko peke yetu. Katika Amazon ya Brazil, utafiti wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 95 ya ukataji wa misitu iko ndani ya kilomita 5.5 kutoka barabarani au kilomita moja kutoka mto unaopitika. Bonde la Kongo lina bahati ya aina yake, kwa sababu barabara nyingi za magogo huachwa: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba asilimia 44 ya barabara ndani ya vitalu zilikuwa zimetelekezwa tangu 2003. Lakini kutelekezwa si kufungwa. Yetu ilitelekezwa kwa picha na tuta.

Je, cheti kilisaidia? Mimi nilikuwa mgumu kuamini, nikijua jinsi faili linavyoweza kujazwa. Mwaka 2024 Joeri Zwerts na wenzake walichapisha matokeo ya kamera zilizofungwa sehemu 474 katika vitalu 14 vya Gabon na Jamhuri ya Kongo, nusu vikiwa na cheti cha FSC na nusu bila. Kwenye vyenye cheti, wanyama wa uzito wa zaidi ya kilo 100 walionekana mara 2.7 zaidi. Watafiti walitaja sababu kama kufunga barabara za zamani, kukagua magari na kuwapatia wafanyakazi nyama nyingine. Nilipoisoma orodha hiyo niliona ni masharti yetu matatu ya kikao cha kwanza, karibu neno kwa neno. Tuliyajua tangu mwanzo, tukayaandika bila tarehe.

Uamuzi wa njia ya mgongo je? Wenzangu wengine husema ungekuwa salama kama masharti yangetimizwa kwa wakati. Mimi sidhani. Hata barabara iliyolindwa vizuri ingekaa juu ya njia ya tembo kwa miaka yote ya mavuno. Madaraja mawili ya ziada tuliyoogopa kuyajenga yangetupa pia sehemu mbili za kung'oa.

Kitalu kinachofuata kimeanza kupimwa. Mzee ametembea mstari kabla mhandisi hajauchora, na ramani iliyotoka inapita bondeni, ina madaraja matatu, na kila moja limeandikiwa mwezi wa kuondolewa na jina la atakayeliondoa. Chumba cha baridi kimeshafungwa umeme. Ombi la akina mama wa kijiji kuhusu njia ya kliniki limesomwa katika kikao cha mwisho, na limeahirishwa hadi kikao kijacho.